Namna ya Kuimaliza Napoli kwa Siku Moja

Tuelewane mapema, ndugu yangu. Huendi Napoli kujifunza. Ungetaka kujifunza ungebaki nyumbani na kitabu. Gharama yake ndogo na choo kiko karibu. Unakwenda ili ukirudi uwe mtu aliyefika Napoli. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, ina mbinu zake, na mbinu mama ni kukodi mwongoza watalii wa peke yako.

Si wa kundi. Kwenye kundi utafuata mwavuli ulioinuliwa juu ya vichwa vya watu, kifaa cha kusikilizia kimekuning'inia shingoni, na kila kona mama mmoja anawahesabu asije akamwacha mtu. Mwenye heshima zake hahesabiwi.

Mwongozaji wa peke yako ni mtu unayemlipa akujulie mji. Italia hairuhusu mtu aamke tu asubuhi na kuanza kuongoza wageni. Sharti apite mtihani na apewe kibali. Kwa hiyo elimu yote ya Napoli ipo, imekwisha kulipiwa, inatembea ubavuni mwako kwa miguu yake yenyewe. Sasa kuna haja gani ya kuihamishia tena kichwani mwako?

1. Mchague aliyechoka

Wapo waongozaji wenye shahada mbili za historia ya sanaa. Utawajua kwa ujumbe wao wa kwanza: wanakuuliza unapendelea karne gani. Usijibu. Tafuta mwingine. Wapo na vijana, na hao ndio hatari zaidi, kwa sababu wana mapafu, na Napoli imekaa juu ya vilima na ngazi zake hazina huruma.

Mtu wako ni wa makamo, ana kitambi cha kiasi, na kila mkahawa wa mtaani kwake unamjua kwa jina. Naye anatafuta kivuli na kiti. Kabla ya kutoa malipo ya awali mwulize mambo mawili tu. Anaweza kuanza saa nne asubuhi? Na anajua kupiga picha ya wima bila kukata viatu? Mengine yatajipa.

Kwenye bei usivutane naye sana. Mteja anayelipia saa tatu akatumia moja na nusu hupendwa, na anayependwa hutunziwa siri.

2. Nenda Jumanne

Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Napoli hufungwa Jumanne. Kanisa dogo la Sansevero nalo hufungwa Jumanne. Hizo ndizo sehemu mbili zinazommaliza mgeni muda. Ya kwanza imehifadhi picha za ukutani, sanamu na vyombo vilivyofukuliwa Pompei, pamoja na ile mozaiki kubwa ya Alexander akipigana na mfalme wa Uajemi. Mtu akiingia asubuhi hutoka na njaa. Ya pili nitakueleza baadaye, ikibidi. Ukitua mjini Jumanne umeokoka zote mbili, na lawama si yako.

Fika mlangoni. Soma kibao. Tikisa kichwa. Mwambie mwongozaji, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa urithi, "Nimesafiri kote huku kwa ajili ya hii." Yeye atainua mabega na kufungua viganja, maana watu wa Napoli mikono yao husema kabla ya midomo. Kisha piga picha ya kibao. Picha ya mlango uliofungwa inaonyesha nia, na nia haina foleni wala kiingilio.

Mbinu hiyohiyo inafaa kwa damu ya San Gennaro, mtakatifu wa mji, inayotunzwa ndani ya chupa katika kanisa kuu. Umati hukusanyika kuona kama itayeyuka: Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya kwanza ya Mei, tarehe 19 Septemba na tarehe 16 Desemba. Isipoyeyuka, mji mzima unanong'ona kuhusu balaa. Wewe nenda Machi, usikitike.

3. Kuvuka barabara

Michoro ya pundamilia ipo, lakini ni pambo. Usikimbie, usisitesite, wala usimpungie mkono mwenye pikipiki. Vuka kama ng'ombe avukavyo lami: taratibu, bila kugeuza shingo, ukiamini kwamba hasara ni ya mwenye chombo. Ukifika ng'ambo usishangilie. Wenyeji hawashangilii.

4. Gusa ukuta

Hapa utatembea kidogo, vumilia. Spaccanapoli ni mtaa mwembamba ulionyooka, umeupasua mji wa kale pande mbili. Waliouchora mstari huo ni Wagiriki, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na nguo zilizoanikwa juu yake ni za jana. UNESCO iliuingiza mji huo wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995. Ushike mwaka huo. Mtu akitaja mwaka mmoja kwa usahihi hudhaniwa anaijua na mingine, na hakuna atakayekuomba wa pili.

Ukifika kanisa la Gesù Nuovo utaona ukuta wa mbele umejaa mawe yaliyochongwa ncha, safu kwa safu. Lilikuwa jumba la mkuu wa ukoo wa Sanseverino kabla Wajesuiti hawajaligeuza kanisa. Usiulize kitu. Weka kiganja juu ya ncha moja, fumba macho, hesabu hadi tatu, vuta pumzi. Watalii wengine wataanza kukutazama wewe badala ya jengo. Anayesoma maelezo kwenye simu anaonekana mgeni. Anayegusa ukuta anaonekana mtafiti.

Mbele zaidi, kwenye Piazzetta Nilo, kuna mzee wa marumaru amejilaza kiubavu, ndevu tele. Huyo ni Mto Nile. Enzi za Warumi eneo hilo liliishi watu kutoka Alexandria, nao wakamweka mungu wa mto wao. Na hapa, ndugu yangu, una haki kuliko mtalii yeyote aliyeshuka na treni kutoka Milano: mto huo unatoka kwetu. Mwambie mwongozaji kwamba umeuona unavyoanza safari pale Jinja. Kama hujafika Jinja, sema umeoga Mwanza. Ziwa ni lilelile. Mtazame anavyokosa la kuongeza.

Akipata pumzi atakusimulia habari ya sanamu hiyo, na hii isikilize, maana ndiyo msingi wa mwongozo wangu mzima. Sanamu ilipotea kwa karne nyingi, ikaja kufukuliwa haina kichwa. Kwa kuwa ilikuwa na vitoto vinaiparamia, watu wa mji wakaamua ni mwanamke: ni mama Napoli, ananyonyesha wanawe. Wakaiita Mwili wa Napoli, wakaishi hivyo vizazi na vizazi wakiwa na uhakika kamili. Karne ya 17 ndipo ilipopewa kichwa cha mzee mwenye ndevu, na jina la zamani wakaliacha palepale. Basi kama waliozaliwa mtaani hapo waliweza kumwita mzee mama, na mji ukaendelea kula na kulala, wewe unaogopa nini kuchanganya kanisa na kanisa?

Jirani na mzee huyo kuna baa yenye kijumba cha ibada, na ndani yake umehifadhiwa unywele wa Diego Maradona. Sikutanii. Agiza kahawa kwanza, ndipo upige picha. Uchaji na biashara pale vinakaa kaunta moja.

5. Chunga ulimi

Waswahili tukiwa ugenini tuna tabia ya kumsema mtu mbele yake kwa lugha yetu. "Huyu mzee naye, mbona anatuzungusha?" Mahali pengi Ulaya utapona. Napoli usijaribu, hasa kwenye uwanja wa San Domenico Maggiore, hatua chache tu kutoka kwa mzee Nile.

Jumba lile la Palazzo Corigliano ni la chuo kikuu cha L'Orientale. Asili yake ni shule iliyoanzishwa na padri Matteo Ripa mwaka 1732, baada ya kurudi kutoka China na vijana wa Kichina, na leo hufundisha lugha za Asia na Afrika, Kiswahili kikiwemo. Elena Bertoncini Zúbková, mmoja wa watu walioandika kwa kina zaidi juu ya riwaya na tamthilia zetu, alifundisha hapo kwa miaka mingi. Kwa hiyo yule binti aliyeketi kwenye ngazi akivuta sigara, unayedhani haelewi kitu, huenda juzi tu ametoka kwenye mtihani wa ngeli. Anakusikia unasema "viatu yangu inabana," naye anaona haya kwa niaba yako.

Akikuamkia "Shikamoo," itikia marahaba upesi, usionyeshe mshtuko. Mwulize anamsoma mwandishi gani. Akisema Kezilahabi, sema, "Ahaa, Kezilahabi," halafu utazame saa. Mwongozaji ataelewa kazi yake na kukuita kwamba mnachelewa.

6. Sansevero, kama mwenzi wako amegundua habari za Jumanne

Wapo wanandoa wanaokagua ratiba. Wakati mwingine mtajikuta Jumatano, tiketi zimekwisha kununuliwa wiki mbili kabla, na huna mahali pa kukimbilia. Pole. Ingia.

Pigo la kwanza: humo picha hazipigwi. Najua unachofikiri. Sasa tunaingia kufanya nini? Ndiyo maana nilikwambia Jumanne.

Katikati ya chumba amelazwa Kristo aliyefunikwa shuka, kazi ya Giuseppe Sanmartino ya mwaka 1753. Mwili, mto wa kichwa na shuka lenyewe vyote vimetoka kwenye jiwe moja la marumaru, na shuka ni jepesi kiasi kwamba mshipa wa paji la uso unaonekana chini yake. Kwa muda mrefu watu walisadiki kwamba Raimondo di Sangro, mkuu aliyeiagiza kazi hiyo, alitandika kitambaa halisi kisha akakigeuza jiwe kwa dawa zake. Inasimuliwa kwamba Canova, mchongaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, alisema angetoa miaka kumi ya umri wake ili kazi hiyo iwe yake. Wewe toa dakika nne. Na usiseme kitu. Usiseme "aisee," usiseme "kumbe watu walikuwa na kazi." Nyamaza. Kimya hakina makosa ya sarufi, na mwenzi wako atadhani umeguswa.

Kuna hatari ndogo kwamba utaguswa kweli. Ikitokea, angalia viatu vya watu.

Pembeni utaona sanamu nyingine, ya Francesco Queirolo: mwanamume anajinasua kwenye wavu, fundo kwa fundo, wavu wote wa marumaru, na malaika kijana anamsaidia kuuvua. Mwongozaji atakueleza kwamba wavu huo ni udanganyifu, na mtu huyo ndiyo kwanza anafumbuka macho. Usikawie hapo. Haikuhusu.

Chini, kwenye chumba cha ngazi za mzunguko, kuna mifupa miwili iliyosimama na mishipa yake yote ya damu. Zamani ilivuma kwamba mkuu yule aliwaua watumishi wake wawili na kuwapiga sindano ya dawa ya kugandisha damu. Wachunguzi walikuta mishipa ni ya waya, nta na hariri. Nyumbani utasimulia habari ya kwanza. Ya pili iweke akiba, kwa ajili ya watoto watakaokataa kulala.

7. Kahawa

Katika baa nyingi unalipa kwanza, unapewa risiti, unaipeleka kaunta, unakunywa umesimama. Glasi ya maji inakuja mapema: inywe kabla ya kahawa. Ukinywa baadaye, mhudumu anaweza kudhani kahawa yake haikukupendeza, na huyo ni mtu usiyetaka akununie. Kahawa yenyewe ni mafunda mawili. Usiulize iliyobaki iko wapi.

Watu wa Napoli wanapenda kahawa kali, yenye robusta ya kutosha, na Italia ni mmoja wa wateja wakubwa wa kahawa ya Uganda. Kwa maneno mengine, inawezekana kabisa umekata tiketi ya ndege, umepanga foleni ya viza, umevuka bahari, kuja kunywa mavuno ya jirani yako wa Masaka. Hili usilitamke mbele ya watu. Sema tu kwamba Ulaya wanajua kahawa.

Ipo desturi ya kulipia vikombe viwili ukanywa kimoja. Cha pili kinasubiri mtu asiye na uwezo atakayeingia kuuliza kama kuna kahawa iliyoachwa. Ni desturi nzuri kweli, na uzuri wake ni kwamba anayetoa na anayepokea hawaonani. Kasoro hiyo inarekebishika. Mwongozaji ashike simu, wewe shika risiti mbili, moja juu kidogo ya nyingine ili zihesabike.

8. Pizza

Hapa sikupi njia ya mkato, kwa sababu tanuri la kuni halihitaji: pizza ya Napoli inaiva kwa sekunde 60 hadi 90. Njia ya mkato ni ya foleni. Mtume mwongozaji akachukue namba, wewe kaa kivulini na uso wa mtu anayetafakari.

Andaa simulizi. Mwaka 1889 fundi Raffaele Esposito alimpikia Malkia Margherita pizza ya nyanya, jibini na rihani, rangi za bendera ya Italia, na malkia akaipenda zaidi ya zote. Isimulie hivyo, ukichora bendera hewani. Akitokea mjuaji wa kusema wanahistoria wameitilia shaka barua ya kumshukuru fundi huyo, tabasamu na useme, "Hapo ndipo nilipokuwa naelekea." Simulizi moja, sifa mara mbili. Mwaka 2017 UNESCO iliutambua ufundi wa kuitengeneza kuwa urithi wa binadamu. Ukiunganisha na ule 1995 una miaka miwili, na mtu mwenye miaka miwili anaweza kualikwa kuzungumza kwenye kongamano.

Katikati ya pizza ni teketeke na kuna mchuzi. Shati jeupe libaki hotelini.

9. Chini ya ardhi, kwa ngazi za umeme

Mwongozaji atakuja na wazo la kushuka chini ya mji. Wagiriki walichimba jiwe laini la tufu ili wajengee juu. Warumi wakaendeleza mashimo hayo kuwa njia na visima vya maji. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, watu wakashuka humo na vitanda na watoto wao mabomu yalipokuwa yakianguka. Unateremka karibu mita 40, na kuna vijia ambavyo unapita kiubavu, taa mkononi.

Sema una tatizo la kifua. Usiseme kitambi. Mwongozaji, ukikumbuka tulivyomchagua, atashusha pumzi kwa nguvu kuliko wewe.

Badala yake mwombe akupeleke kituo cha treni cha Toledo, kilichofunguliwa mwaka 2012. Unashuka kwa ngazi za umeme, mozaiki za buluu zinakuzunguka, unahisi umezama baharini na suruali imebaki kavu. Baadhi ya michoro yake ni ya William Kentridge wa Afrika Kusini. Gharama ni tiketi ya treni. Nyumbani utasema, "Tulishuka chini sana," na hutakuwa umedanganya.

10. Mtaa wa Maradona

Quartieri Spagnoli ni vichochoro vinavyopanda mlima kutoka barabara ya Toledo. Wageni huambiwa waviogope, kwa hiyo picha zake zina soko. Mkienda mchana na mwongozaji anayeamkiana na kila mwenye duka, hatari kubwa utakayokutana nayo ni maji ya nguo zilizoanikwa. Kwenye picha kunja uso.

Mnaelekea kwenye mchoro wa Maradona, wa ghorofa kadhaa, uliochorwa mwaka 1990, alipowapa Napoli ubingwa wao wa pili wa Italia. Wa kwanza ulikuwa wa 1987. Alikuja mwaka 1984 kwenye klabu ambayo haikuwahi kuchukua ubingwa huo hata mara moja, na mji ambao matajiri wa kaskazini waliudharau ukapata mtu wa kuwajibia. Alipofariki mwaka 2020, uwanja wa mpira ukapewa jina lake. Usoni pa mchoro kuna dirisha la nyumba ya mtu. Dirisha likifunguliwa, Diego anapoteza uso.

Mwiko: usimtaje Messi. Hata kwa wema.

11. Farasi wawili

Piazza del Plebiscito ni uwanja mpana mbele ya Ikulu ya zamani, una wafalme wawili wa shaba juu ya farasi. Mchezo ni huu: unasimama mlangoni pa Ikulu, unafungwa kitambaa machoni, unatembea moja kwa moja upite katikati ya farasi hao. Inaonekana rahisi, wala si rahisi. Uwanja una mteremko usiouona, miguu inaufuata, na mtu anajikuta ameelekea pembeni kabisa huku marafiki wanalia kwa kicheko.

Wewe hutashindwa, kwa sababu mmekubaliana na mwongozaji mapema. Kikohozi kimoja, kushoto. Viwili, kulia. Kitambaa kiwe chako mwenyewe, cha kuvaliwa mara nyingi. Ukipita usipige ngumi hewani, fungua macho taratibu, uliza, "Tayari?" Wazee wanaouza maji pale wameona vikohozi vya kila aina. Watakupigia makofi vilevile.

12. Vesuvius

Mlima huu wa volkano una mita 1,281, ulizika Pompei mwaka 79 na ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1944. Unaonekana bure kutoka ufukweni, ukiwa umekaa.

13. Kuagana

Kufikia saa hii mwongozaji atakuwa anakuita "dottò." Watu wa Napoli humpa udaktari yeyote aliyevaa viatu safi na anayetazamiwa kufungua pochi. Usimrekebishe. Kwetu watu wamefanya fujo kubwa zaidi kwa cheo hicho.

Bakshishi si lazima Italia, ila mpe, na mpe vizuri. Humlipi kwa kazi aliyofanya bali kwa ile mliyokubaliana kimyakimya kutoifanya. Kisha, akiwa bado anazikunja noti, mwulize swali la siku nzima: "Tungekuwa na nusu siku nyingine, ungenipeleka wapi?"

Atabadilika ghafla. Kitambi kitarudi ndani, sauti itashuka, na utagundua kwamba ana mahali anapopapenda kweli ambapo wateja wa aina yako hawajawahi kumwomba. Mimi naona wengi watataja Pio Monte della Misericordia, barabara ya Tribunali. Hapo juu ya altare kuna mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1607, alioufanya akiwa mkimbizi wa kesi ya mauaji kutoka Roma. Matendo yote saba ya huruma yamebanwa kwenye turubai moja, katika kichochoro cha usiku: anayezika, mwenye kiu anayekunywa, anayemvika aliye uchi, na binti anayemnyonyesha baba yake mzee kupitia nondo za gereza. Msikilize. Andika. Huko ndiko utakakosema ulikwenda, na kwamba ndiko kulikokushika kuliko kote.

Watu wa nyumbani hawataweza kukuhoji, kwa kuwa hawajapasikia. Tatizo ni mtu mmoja tu: yule padri, au baharia, au dada aliyesomea Italia, atakayekuwa amekaa pembeni sebuleni na sahani yake ya pilau. Huyo amefika. Uso wake utang'aa, ataweka kijiko chini, ataanza, "Na ule mchoro..."

Mkatize kwa upole. Sema, "Ule mwanga." Kisha nyamaza umwache aendelee. Kwa Caravaggio hukosei: mwanga upo, na karibu kila mara unatoka pembeni.